Mtani Aliyevaa Koti la Babu

Muhula ule tuliosoma somo la riwaya zilizogeuzwa kuwa filamu, nilikuwa mtu wa kukera. Mwalimu wetu, mama mcheshi aliyependa kukaa juu ya meza badala ya kiti, alifunika madirisha kwa mapazia mazito ili jua la Tabora lisifute picha ukutani. Wenzangu walikuja darasani na karanga. Mimi nilikuja na kitabu chenyewe na penseli, na kila filamu ilipokwenda kinyume na ukurasa, niliguna. Mhusika akifa kabla ya wakati wake, naguna. Shangazi mwenye maneno mengi akiondolewa kabisa, naguna kwa sauti. Wakaanza kuniita hakimu, na jina hilo nililipenda kuliko nilivyopaswa.

"Hivi filamu inawajibika kwa nani?" mwalimu alituuliza siku moja. "Kwa kitabu, au kwa huyu anayeitazama?"

Nilijibu kwa kitabu, hata hajafunga mdomo. Akacheka, akaniambia niandike insha juu ya hilo, ila nisiwe na haraka.

Kabla sijaandika hata mstari mmoja, babu yangu akafariki nyumbani kwake Chemchem. Alikuwa fundi wa reli mstaafu, na nilimpenda mno. Ni yeye aliyenizoesha vitabu. Alinisomea huku kidole kikifuata maneno, na nikimwomba aruke sehemu ya huzuni, anakataa. "Mwenye kitabu ameiweka," alisema. "Mimi ni nani niiondoe?"

Tulimzika vizuri, kanisa likajaa. Kilichotutisha baada ya hapo ni bibi. Hakulia. Alikaa kwenye mkeka, mgongo ukutani, akiutazama mlango, na kila tulichompa alikisukuma pembeni: uji, ndizi, hata matobolwa, vile viazi vilivyokaushwa ambavyo kwa kawaida huvificha asivile mtu mwingine. Mama alimbembeleza, mashangazi wakambembeleza, padri naye akambembeleza. Bibi alitikisa kichwa tu. Mama akanivuta jikoni, akaninong'oneza kwamba tukifanya mchezo tutazika wawili.

Ndipo mtani akafika. Sisi Wanyamwezi tumetaniana na Wazaramo tangu wazee wetu walipokuwa wakibeba mizigo kwenda pwani na kupita nchini kwao. Mtani ana haki ya kufanya vituko msibani, na hakuna ruhusa ya kumkasirikia. Huyu wetu ni mama wa Kizaramo aliyeolewa mtaa wa pili, muuza vitumbua, mwenye mwili na sauti ya kutosha watu wawili. Alipita moja kwa moja hadi chumbani. Alipotoka alikuwa amevaa koti la kaki la babu, na kofia yake.

Damu ilinipanda kichwani. Hakuna hata kimoja alichokipata sawasawa. Babu alichechemea mguu wa kushoto. Yeye akachechemea wa kulia. Babu alikuwa mpole. Yeye akagombeza kila aliyeketi. Akamkaba mjomba shati akimtaka aonyeshe tiketi ya treni, na babu hakuwahi kukagua tiketi maishani mwake, alikuwa fundi. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Niliinuka nikamvue lile koti.

Mama akanidaka mkono. "Kaa chini. Huyo ni mtani."

Mtani alikuwa amekwisha kusimama mbele ya bibi, mikono kiunoni. "Mama watoto, chai yangu iko wapi? Tangu asubuhi nakaa na kiu ndani ya nyumba yangu mwenyewe?"

Bibi akamtazama kuanzia kofia hadi miguuni.

"Mwongo wewe," alisema, na sauti ilikuwa imemkauka. "Mume wangu hajaniagiza chai hata siku moja. Alipika mwenyewe. Alisema mimi natia majani kwa kuyaonea huruma."

Mjomba akaangua kicheko. Bibi naye akacheka, kisha kicheko kikageuka kilio, kile kilio tulichokuwa tukikingoja. Mama akamkumbatia. Katikati ya machozi bibi aliendelea kumsahihisha mtani: mguu ni wa kushoto, kofia aliivua kabla ya kuvuka kizingiti, kelele hakuzijua, akikasirika alipiga mluzi. Hilo la mluzi hata mama hakuwahi kulijua. Nilibaki nimesimama pale kama mgeni, nikimsikia babu yangu akisimuliwa upya, na nilifurahi kupita kiasi.

Mtani akaanza kufungua vifungo. Alidhani amemaliza kazi.

"Usivue," bibi akasema. "Rudia pale pa chai."

"Si umesema hakuwa hivyo?"

"Najua hakuwa hivyo. Rudia."

Mtani akaweka kofia sawa, akashika kiuno, akauliza tena chai yake iko wapi, safari hii kwa sauti ya chini. Bibi akajifuta uso kwa upindo wa kanga, akaegemeza kiganja kwenye mkeka, akainuka.

"Tulia, mume wangu," alisema. "Leo nakupikia mimi."