Tiketi za Mpira na Jabali la Bure

Ulikuwa mwaka tuliokula wali kwa papa mkavu mpaka midomo ikachubuka. Muhogo, hapa Maskati, tuliuota tu. Mdogo wangu na wenzake waliotoka Unguja walitayarisha mechi kiwanja cha Hamriya, wakauza tiketi. Hazikununuliwa. Wenzake wakasema tiketi zisipokwisha wanaivunja mechi, na yeye tangu tuhame hajacheza mbele ya watu.

Nikataka kujua, watu wana nini? Nikamuuliza jirani yangu, mzaliwa wa hapa hapa. Akacheka.

“Shoga, tununue nini? Si lile jabali juu ya kiwanja! Tutakaa kule na kahawa yetu.”

Nikampelekea mdogo wangu habari. Akaruka.

“Dada, nipe kanga zako tushone pazia, wa jabalini wasione!”

Kanga zile ndizo nilizotoka nazo kwetu. Tena kiwanjani wanawake hatuingii. Nikitaka kumwona akicheza, ni jabalini.

“Kanga zangu haziwazibi watu macho.”

“Dada, tutacheza mbele ya nani?”

“Mbele ya jabali zima. Mimi nitakuwa mbele.”

“Hata mbili tu?”

“Kanga zangu haziwazibi watu macho.”