"Ndiyo, Karibu" ya Mzee Nassibu

Si kweli kwamba Bi Mwanamkuu alikwenda mahakamani kumpokonya shemeji yake nyumba yake ya mtaa wa Kanyenye. Wanaosema hivyo hawakuwapo.

Mzee Nassibu, mdogo wa marehemu mumewe, alikuwa fundi cherehani hodari, mpaka alipougua homa ya kichwa mwaka uliofuata Azimio la Arusha. Mwili ulipona, akili haikurudi. Mwanamkuu, aliyesoma enzi za Mwingereza wakati wasichana wasomi wakihesabika, hakutaka mji ujue. Kila asubuhi alimvika kanzu iliyopigwa pasi, akamketisha barazani, akamfunza jibu moja la kiungwana kwa yeyote atakayemsemesha: "Ndiyo, karibu." Miaka ikapita, wapita njia wakisifu upole wake.

Ndipo Lukumani, binamu yake Nassibu, alipokuja na mashahidi.

"Kaka Nassibu, nyumba hii unanipa mimi?"

"Ndiyo, karibu."

Mwanamkuu alitoka ndani mbio. Lukumani akacheka. "Mwenyewe karidhia, shemeji. Au utawaambia watu hana akili?"

Hapo ndipo alipobanwa. Akinyamaza, Nassibu analala nje. Akisema, jina la ukoo linalala nje.

Alisema. Alikwenda mahakamani, akasimama mbele ya hakimu, mtandio umekazwa kichwani, akayatoa yote aliyoyaficha. Hakimu akamgeukia Nassibu.

"Mzee, nyumba umempa Lukumani?"

"Ndiyo, karibu."

"Na mimi utanipa?"

"Ndiyo, karibu."

"Basi kesho tuhamie mwezini sote?"

"Ndiyo, karibu."

Watu waliangua kicheko. Nassibu naye akacheka, maana wageni wamefurahi. Mwanamkuu aliitazama ile kanzu aliyoipiga pasi kwa mkono wake.

Mahakama ilimweka Mwanamkuu kuwa msimamizi wa shemeji yake. Nyumba haiuzwi wala haitolewi bila idhini ya mahakama, hata na yeye Mwanamkuu. Hilo wasengenyaji hawalitaji.

Siku hizi waendesha baiskeli hupunguza mwendo mbele ya baraza. "Mzee! Safari ya mwezini ipo?"

"Ndiyo, karibu."

"Dada, si umweke ndani?" jirani yake Maua alimwambia jioni moja.

"Anapenda watu." Mwanamkuu alikuwa amechoka, lakini hakukaa. Alikuwa anaanua kanzu kambani, uani.

"Lakini lile jibu, dada. Ungejua mwisho wake, ungemfunza?"

Mwanamkuu aliikunja kanzu, akaikunja tena.

"Hilo sisemi, Maua. Rudishia mlango ukitoka."