Bomba la Kwapani

Kliniki nzima wananiita Mama Kwapa. Wacha wacheke. Dawa ya kuziba vijishimo vya magego hukaa kwenye friji, na ikitoka humo ni nzito, haishuki. Inakaa juu ya jino badala ya kuzama. Basi miaka kumi na tisa, kabla mtoto hajakaa kwenye kiti, nimeshalitia bomba la dawa kwenye mfuko safi na kulibana kwapani. Ikipata joto, dawa inateremka yenyewe mpaka chini. Hakuna aliyenifundisha.

Miezi mitatu iliyopita tulikwenda kuwapaka watoto dawa hiyo shuleni. Asubuhi ya baridi kali, na mwalimu mkuu kanisimamia kichwani: "Haraka, mama, watoto wana mtihani." Nikaona haya kubana bomba kwapani mbele ya yule baba na tai yake. Haya ya bure! Nikapaka hivyo hivyo, dawa inatoka kwa kusukumwa. Nikamulika taa ya kuigandisha, ikang'aa. Kwa macho, safi kabisa. Watoto kumi na wawili! Baadaye jua likafika mezani, dawa ikalegea, waliofuata wakapata haki yao. Wa mwisho alikuwa mjukuu wangu, maana wa kwako humtangulizi mbele ya watoto wa watu.

Nilijua, nikanyamaza. Tangu hapo kila mtoto akija kliniki analia jino, najiuliza: ni mmoja wa wale? Dawa isiposhika, uchafu hujificha chini yake na jino likaoza kimyakimya.

Leo daktari kaja shuleni kukagua. Kamwita nani kwanza? Mjukuu wangu. Akapitisha chuma chake chenye ncha, akakwaruza, akabonyeza. Mimi nimeshika trei ya vyombo pembeni.

"Mama Kwapa, hii ndiyo kazi!" akasema, akivua glavu. "Kama wote wako hivi, wengine nawasumbua bure. Warudi darasani."

Nikashusha pumzi. Uongo, sikushusha. Mlangoni mwalimu mkuu alianza kuivunja foleni, na yule binti mwenye pengo, wa kwanza siku ile, akanipungia mkono. Daktari akimtazama huyu, jina langu limekwisha. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini hapa maradhi ni yangu na meno ni ya watoto wa watu.

"Daktari, vaa glavu nyingine," nikasema. "Huyo uliyemkagua alikuwa wa mwisho. Waangalie kumi na wawili wa kwanza. Niliwapaka dawa ya baridi."

Akavaa glavu nyingine. Nikamshika binti mkono, nikamkalisha kwenye kiti.

"Fungua mdomo, na wewe ni mjukuu wangu."

Kisha nikatoa bomba jipya kwenye kasha la barafu, nikalibana kwapani, mwalimu mkuu akitazama.