Safari za Baba Baada ya Mavuno

Kila mwaka, mtama ukishaingia ghalani, baba yangu alikuwa hatulii. Alianza kwa kutembea. Alfajiri alikuwa tayari anaizunguka nyumba yetu ya Haneti, anagusa ukuta, anakaza waya wa uzio ambao haukuwa umelegea. Alikaa kibarazani akainuka kabla chai haijapoa. Mama alimfuata kwa macho tu. Halafu asubuhi moja tuliamka tukakuta kitanda kimetandikwa kijeshi, shuka limenyooka bila mkunjo, na mwenyewe hayupo.

Ujana wake aliupeleka kwenye vita vya Uganda. Hilo tulilijua kwa sababu mji mzima ulilijua. Walevi walimpigia saluti njiani, naye akawapita bila kugeuka. Nyumbani hakulisema. Tukiuliza, alijibu, "Tulikwenda, tukarudi," na hapo mazungumzo yaliisha.

Kwenye safari zile alikaa wiki, mara nyingine zaidi. Alirudi amekonda. Mama alimpokea begi, akamtengea maji ya kuoga, hakuuliza kitu. Lakini nilipokuwa darasa la sita nilimfuma amelifungua begi lile kabla baba hajaondoka. Ndani mlikuwa na sukari, majani ya chai na kitenge kipya cha zambarau. Mama alikishika kitenge kile muda mrefu, akakikunja vilevile kilivyokuwa, akafunga zipu.

"Cha nani?" nikauliza.

"Nenda kachote maji."

Kuanzia siku hiyo nilijua, au nilidhani najua, kwamba baba ana mwanamke mwingine. Nilikua na jambo hilo kifuani. Hata nilipopata kazi ya ofisini Dodoma na kupanga chumba Makole, msimu wa mavuno ukifika nilikuwa situlii. Nikienda soko la Majengo kununua mchele, niliwaangalia wazee wote wenye begi begani. Niliogopa kumwona, na nilitaka kumwona.

Mwisho alikuja mwenyewe. Macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu, hasomi tena vibao vya magari. Aligonga mlango wangu Jumamosi asubuhi, akakataa kiti.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nipeleke stendi, kwenye gari la Mpwapwa."

"Mpwapwa kuna nini?"

"Kama huwezi, sema, nitafute bodaboda."

Nikamwambia nitakwenda naye mpaka anakokwenda, la sivyo simwoneshi gari. Aliizunguka meza yangu, akaenda dirishani, akarudi. "Haya. Vaa viatu vya kutembelea."

Tulishuka kabla ya kufika mjini Mpwapwa, tukashika njia ya miguu kuelekea milimani. Baba alitangulia kwa haraka, kama anayefukuzwa. Mimi nyuma nilikuwa napanga maneno. Nilitaka kumwambia huyo mwanamke, uso kwa uso, jinsi mama yangu alivyonyamaza miaka yote ile.

Tulifika kwenye tembe la zamani, paa lake la udongo limebonyea upande mmoja. Nje, juu ya ngozi ya ng'ombe, alikaa bibi kizee anapepeta uwele.

"Mbukwenyi," baba akamsalimu kwa Kigogo.

Bibi akainua uso. Macho yake yalikuwa meupe kabisa. Akamwita baba kwa jina ambalo si lake. "Umechelewa mwaka huu," akasema. "Nikadhani umeugua."

Baba yangu, ambaye sikuwahi kumwona akimpigia mtu goti, alipiga goti vumbini. "Shikamoo, mama. Sijaugua."

Maneno yangu yote yakanipotea. Mama mzazi wa baba alikuwa amezikwa Haneti kabla sijazaliwa.

Baba alinieleza jioni ile, akiwa juu ya paa anaziba palipobonyea, mimi nampandishia udongo kwa ndoo. Alisema bila kunitazama. Alikuwa na rafiki jeshini, wakilala chini ya blanketi moja. Siku moja, wakiwa kwenye lori kuelekea mpakani, rafiki alimwambia, "Ukiwahi kufika nyumbani, mwambie mama asimuuze yule ng'ombe mwekundu." Yule rafiki hakurudi. Vita vilipokwisha, baba aliitafuta nyumba hii kwa kuuliza-uliza, akaufikisha ujumbe.

"Akasemaje?"

"Yule ng'ombe walishamchinja kwenye matanga ya mwanawe. Mama yake akacheka. Akacheka mpaka akalia. Nikashindwa kuondoka." Alinyoosha mkono, nikampa ndoo. "Wakati ule alijua mimi ni nani. Macho yalipokufa, na akili ikaanza kuchoka, akaniita jina la mwanawe. Ningembishia?"

"Na mama nyumbani, kwa nini hukumwambia?"

Alisawazisha udongo kwa kiganja. "Ningeanzia wapi?"

Niliporudi naye Haneti, nilimwambia aanzie popote, lakini aseme. Alisema akiwa amesimama mlangoni, mguu mmoja ndani, mmoja nje. Nilitarajia mama atalia. Alikasirika. Sijawahi kumsikia akipaza sauti namna ile.

"Miaka yote hiyo nimelala na mwanamke ambaye hayupo! Nimemvalisha, nimempa sura, nimemchukia! Wewe unamzibia mama wa watu paa, halafu unashindwa kunitamkia?"

Mama akaingia chumbani, akatoka na kanga mbili na kibuyu cha mafuta ya samli. "Nipeleke," akasema.

Nikawasindikiza wote wawili. Bibi alimpapasa mama uso, mabega, mikono. Begani mwa bibi kilining'inia kile kitenge cha zambarau, kimepauka karibu kuwa cheupe. Mama alikiona. Alikigusa ncha.

"Huyu ndiye mkeo?" bibi akamuuliza baba. "Kwa nini ulinificha mkwe?"

"Muulize mwanao, mama," mama akasema. Siku zote tulizokaa pale alimpikia bibi ugali na mlenda, akamkanda miguu kwa samli, akamwita mama.

Bibi alifariki mwaka uliofuata. Wazee wa ukoo walimwita baba atupe udongo wa kwanza, nafasi ya mtoto, na hakuna aliyehoji.

Nilidhani sasa atatulia. Mavuno yalipokuja, mama akanipigia simu ofisini: "Ameanza." Alikuwa anaizunguka nyumba, begi limefungwa, na hana pa kwenda. Mama alisubiri kidogo, kisha akavaa viatu, akatoka naye, wakapita barabara ya mashambani bila kusema wanakwenda wapi.

Huko njiani baba alianza kuongea habari za vita. Akikaa, maneno hayatoki. Akitembea, yanatoka moja moja. Kwa hiyo wanatembea kila asubuhi, wazee wawili, na watu wa Haneti wamezoea kuwaona. Mama hulalamika magoti. Kulala, baba bado analala kwa mang'amung'amu, na akisikia mlango unagongwa ghafla huruka.

Juzi nilipompigia mama alikuwa anahema, ndiyo kwanza wamerudi.

"Leo amefika pale walipovuka mto," akaniambia. "Kaishia katikati ya maji. Kesho nitamtoa mapema, maana hapo panaonekana ni parefu."