Paa wa Milima ya Qurayyat

Wakati ule mimi na mume wangu tulikuwa tukitoka nyumbani Azaiba kila Ijumaa alfajiri, tunakwenda milima ya nyuma ya Qurayyat kupiga picha za paa. Yeye akiendesha, mimi nimepakata kamera. Walikuwa watano: dume, majike watatu, na mtoto mwenye masikio makubwa kuliko uso. Tulikaa kimya juu ya mawe wiki baada ya wiki mpaka wakatuzoea, wakawa wanakula majani ya mgunga hatua thelathini tu kutoka tulipo.

Picha moja niliipenda mno nikaiweka mtandaoni. Mahali sikupataja. Mtu nisiyemjua akaandika, "Mashallah, wapi hapa?" Sikumjibu. Siku mbili baadaye akauliza tena, kwa adabu ileile.

Ijumaa iliyofuata tulikuta alama za magurudumu zimeingia bondeni hadi kwenye mawe yetu. Paa walikuwa mbali, juu ya ukingo, wote wameelekeza vichwa upande mmoja. Hawakuwa wakitutazama sisi. Nilipogeuka nikaona gari jeupe limesimama, na wanaume watatu wanakunywa kahawa.

Mmoja akaja kutusalimu kwa Kiarabu. Alipomsikia mume wangu akininong'oneza kwa Kiswahili, akabadili, akasema Kiswahili cha Unguja kama cha mama yangu.

"Dada, wewe ndiye mwenye ile picha?"

"Picha gani?"

"Ya paa. Nzuri sana. Mlima tumeujua kwa lile tangi bovu la maji linaloonekana nyuma yao pichani. Leo wako wangapi?"

"Hatujaona kitu," mume wangu akasema.

Yule bwana akautazama ukingo, kisha akaitazama kamera yangu. "Haya. Sisi hatuna haraka."

Tukaondoka. Njiani mume wangu akawapigia simu maafisa wa wanyamapori, akawasomea namba ya gari. Wakasema watatuma mtu. Mimi niliifuta ile picha mtandaoni, nikijua nimechelewa.

Tulirudi mara mbili. Mara ya kwanza tuliokota maganda manne ya risasi. Mara ya pili nilimwona jike mmoja, peke yake. Nilipoinua kamera akatimua mbio, akapotea nyuma ya mawe.

"Afadhali akimbie," mume wangu akasema.

Hatukwenda tena.