Ushuhuda wa Mama Leila

Kila jioni Mukunde akirudi kutoka Masoro, ambako hupanga katoni kwenye ghala la sabuni, swali la mumewe humpokea kabla hajavua viatu.

"Umewaambia?"

"Nimewaambia, Baba Leila. Wanasema watakuja."

"Hata Mugenzi?"

"Hata yeye."

"Mugenzi! Mtu niliyembebea kitanda cha harusi kwenye lori toka Rusumo mpaka mlangoni kwake!" Bayingana hucheka, kisha kicheko humshika tumboni na yeye hukizuia kwa kiganja.

Ukweli ni kwamba Mukunde hakumwambia mtu yeyote.

Wote wawili walilelewa Karagwe na wazazi wa Kinyarwanda, wakaja Kigali wakiwa vijana. Bayingana aliendesha malori ya Dar es Salaam kwa miaka ishirini na mbili, na kila Jumapili aliyokuwa mjini aliimba besi katika kanisa lao dogo la Niboye. Mwaka jana madaktari walipokuta saratani tumboni mwake, kanisa lilihamia hospitali. Siku moja mlinzi aliwauliza kama wodi imegeuka soko. Walifunga kwa zamu, wakakesha, na mwezi wa tano mwaka huu daktari akawaonyesha picha mpya. Uvimbe umepungua, alisema; tutaendelea kuangalia.

Jumapili iliyofuata Mukunde alipewa kipaza sauti kanisani. Hakukusudia kudanganya. Alitazama nyuso zile zilizokonda kwa kumfungia mumewe, furaha ikampanda kichwani, na badala ya "umepungua" akasema, "Umekwisha!" Watu waliruka juu ya mabenchi. Kuna aliyerekodi. Video ilifika Kampala, ikafika Bujumbura, ikamfikia hata binti yao Leila anayesoma Poland, ambaye alipiga simu akilia kwa shangwe.

Mwezi wa tisa uvimbe ulirudi. Daktari alisema hospitali haina cha kuongeza isipokuwa dawa ya maji ya kutuliza maumivu, wakamuuguze nyumbani. Mukunde alimleta kwa teksi jua likiwa limeshazama, akafunga pazia. Kanisani alisema mzee ameenda Karagwe kushughulikia shamba la baba yake. Simu ya mumewe aliizima, akamwambia imeharibika, iko kwa fundi. Toka saa kumi na mbili asubuhi mpaka jioni, Bayingana alikaa peke yake na chupa ya uji na kikombe, akisubiri watu wasiojua kwamba yuko.

Na Mukunde hakuweza tena kuomba. Akipiga magoti alijiona kama mtu aliyemsingizia mwenye nyumba, kisha anamgongea mlango kuazima chumvi.

Ijumaa moja Spéciose, kiongozi wa kwaya, alimpigia. "Mama Leila, kuna dada mmoja Mrundi, mume wake anaumwa ugonjwa ule ule. Ni Mkatoliki, lakini moyo wake umekwisha kabisa. Kesho uonane naye mgahawani pale Gisimenti, umtie nguvu. Wewe ndiye mfano wetu."

Angekataa kwa sababu gani?

Mwanamke aliyemkuta mgahawani alikuwa Annick, muuza vitenge, mnene kidogo, Kiswahili chake cha Buyenzi, kule Bujumbura, kikimtoka kwa kasi. Video ilikuwa tayari imefunguliwa kwenye simu yake.

"Ni wewe! Nimekuangalia mpaka watoto wamechoka. Haya, kaa. Ulifunga siku ngapi?"

"Tulifunga... wengi tulifunga."

"Ngapi, mama? Mimi ni mtu wa biashara, nipe hesabu. Maji mlikunywa? Na mafuta, iko mafuta walimpaka?"

Mukunde alikoroga chai ambayo hakuitia sukari.

"Nimeshaanza," Annick aliendelea. "Jumatatu hii mume wangu Silvère alikuwa aanze dawa, zile za kupitisha kwenye mshipa. Nimewaambia madaktari hapana. Huwezi kushika Mungu na mkono mmoja, mkono mwingine umeshika sindano. Yeye mwenyewe alitaka kwenda. Nikamwonyesha video yako. Akanyamaza."

Mukunde alisukuma kikombe kando. Akilini alimwona Silvère asiyemjua, amekaa ukingoni mwa kitanda, ananyamazishwa na uso wake yeye, Mukunde, kwenye video.

"Mpeleke," alisema.

"Wapi?"

"Hospitali. Jumatatu. Mpeleke, nakuomba. Mume wangu hakupona. Daktari alisema umepungua, mimi ndiye niliyesema umekwisha. Sasa yuko nyumbani na hawezi kujigeuza."

 Annick alipiga meza, vikombe vikaruka. "Mwongo! Mbele ya madhabahu! Unajua nimemwambia nini mume wangu? Nimemwambia imani yake ni ndogo!" Watu waligeuka. Alilia kwa hasira, akijifuta kwa ncha ya kitenge chake, na Mukunde hakujitetea.

Machozi yalipopungua, Annick aliuliza kwa sauti nyingine kabisa, "Nani anamgeuza?"

"Mimi."

"Na mchana?"

"Hakuna mtu."

"Yesu Maria." Alisimama, akatupa simu kwenye mkoba. "Nipeleke."

Walipanda pikipiki mbili mpaka Niboye. Bayingana aliposikia sauti ngeni alijaribu kuinuka. "Wamekuja? Huyu ni wa kwaya?"

"Mimi sauti yangu ni ya kuuzia nguo tu, mzee," Annick alisema. "Sogea kidogo."

Walimgeuza pamoja, wakambadilishia shuka. Kisha Mukunde alipiga magoti kando ya kitanda, si kwa kusali, akamweleza yote: Karagwe, simu, watu wasiojua. Bayingana aligeuza uso ukutani.

"Miezi miwili," alisema baadaye. "Miezi miwili nimewachukia. Nimemchukia Mugenzi. Nikasema, kumbe hata Mungu, mtu akikonda, anamsahau."

"Nilikuficha ili Mungu asiaibike."

"Mungu gani huyo anayeaibishwa na mgonjwa?" Alipumua kwa shida. "Yeye mwenyewe walimtundika uchi, watu wakimwona. Mimi unanifungia pazia."

Mukunde alilia. Hakuna aliyemnyamazisha. Annick alitoa rozari mkobani, akaona aibu kidogo kuishika katika nyumba ya wasio Wakatoliki, akaanza Baba Yetu kwa Kirundi. Bayingana aliifuata kwa Kinyarwanda, neno nyuma ya neno, bado ametazama ukuta. Mukunde alijaribu kuingia akashindwa; alishika tu ncha ya shuka mpaka wakamaliza.

Usiku ule alimpigia Spéciose. Alimweleza yote.

"Tumeituma ile video kwa watu wote," Spéciose alisema. "Wote, Mama Leila."

"Najua."

"Sijui mchungaji atasema nini. Mimi mwenyewe sijui niseme nini." Kisha akauliza, "Anaweza kukaa?"

"Dakika chache, nikimshikilia."

"Kesho tukitoka ibada tunakuja."

Walikuja saba, wakavua viatu, wakabanana chumbani. Mara ya mwisho walimwacha mnene; sasa walipomwona, mmoja alitoka nje upesi. Mugenzi alianza, "Bwana, tunaamuru ugonjwa huu," akakwama hapo, akajikuna shingo. Hakuna aliyejua aombe nini.

"Mmekuja kunitazama kama nyani?" Bayingana alisema. "Imbeni basi."

Waliimba. Pale besi inapoingia waliacha nafasi bila kukubaliana, midomo yake ikasogea, sauti haikutoka. Mukunde aliisikiliza nafasi ile tupu. Hapakuwa na muujiza ndani yake, na saratani haikusogea hata kidogo. Lakini kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tisa alitamka, kwa sauti ya chini, jina la Bwana, bila kuomba kitu.

Kisha maumivu yakaja. Wote waliyaona, na wote walikuwa bure mbele yake. Mukunde alimimina dawa, ikamwagika. Spéciose alishika kikombe.

Maumivu yalipotulia, Spéciose alitoa kalamu na karatasi. "Mama Leila anatoka saa kumi na mbili asubuhi. Nani anakaa hapa kesho?"

"Mimi," Mugenzi alisema.

"Jumanne?"

"Jumanne asije Léonidas," Bayingana alinong'ona. "Anahubiri mpaka mtu anasinzia." Léonidas, aliyekuwa amesimama mlangoni, alisema atakuja na atanyamaza, na wengine wakamcheka.

Jumatano ilipata mtu, Alhamisi pia, na Ijumaa; Jumamosi Mukunde huwa nyumbani.

"Na Jumapili ijayo?" aliuliza Bayingana.

 Daktari hakuwa ameahidi kwamba ataifikia Jumapili yoyote. Spéciose aliweka karatasi gotini, akaandika Jumapili, na mbele yake akaandika jina lake mwenyewe.