Fundi Yahaya na gari lililozimwa kila asubuhi

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Yahaya Kassimu anafunga mkanda kwenye kiti cha abiria cha gari dogo la dizeli, huko Musaga, kusini mwa Bujumbura. Hana spana wala bisibisi. Mashine yake ya kupimia magari iko miguuni, ndani ya mfuko wa plastiki, na wala haitoi.

Anayeendesha ni mwenye gari, Daphrose, muuzaji katika duka la dawa mjini. Mtaani kwake wanamwita Mama Carmen, kwa jina la binti yake. Mbele yake, taa ya njano yenye umbo la injini inawaka, na gari linajikokota kama limefungwa kamba nyuma.

"Endesha kama siku zote," Yahaya anamwambia. "Mi siko hapa."

Hawajafika mbali, barabara inaanza kuteremka kuelekea mjini. Mkono wa kulia wa Daphrose unaacha gia, unakwenda kwenye ufunguo na kuurudisha nyuma kidogo. Injini inanyamaza. Gari linateremka lenyewe, na kinachosikika ni matairi tu.

Daphrose anautazama mkono wake kana kwamba ni wa mtu mwingine. "Yesu wangu," anasema. "Nimezima."

Yahaya anacheka mpaka mabega yanatikisika. "Mama Carmen, nimekuona! Sasa washa, breki bila moteri iko ngumu, na mi niko na watoto."

Ukweli ni kwamba mwandishi wa habari hizi, aliyekuwa amebanwa kiti cha nyuma, hakuona ajabu yoyote. Mazuti, kama dizeli inavyoitwa hapa, ni ya kuvizia. Watu hulala na magari yao kwenye foleni, wengine hutafuta bidoni, yaani madumu ya mafuta ya magendo, zinazoingia kutoka Kongo kwa njia ya Gatumba. Nani atachoma mafuta kwenye mteremko ambao Mungu amemteremshia bure?

Lakini Yahaya alikuwa amekuja Musaga kwa ajili ya mkono huo tu.

Siku mbili kabla, Daphrose alikuwa amelifikisha gari hilo Buyenzi, mtaa wa Waswahili na mafundi, likiwa halina nguvu hata ya kuipita baiskeli iliyobeba ndizi. Yahaya alichomeka mashine yake. Ikamwambia kwamba chujio la masizi limejaa.

Chujio hilo liko kwenye njia ya moshi. Hukamata masizi yasitoke nje, na likielekea kujaa, injini hujipandishia joto na kuyachoma yenyewe. Kazi hiyo inataka injini iliyokwisha kupata moto, na safari isiyokatizwa.

Fundi mwingine angeishia kwenye jibu la mashine. Yahaya alipapasa kwanza mipira miwili myembamba inayopeleka mgandamizo wa moshi kwenye kipimo, maana ikipasuka huidanganya mashine. Ilikuwa mizima. Kisha akavuta kijiti cha oili. Oili ilikuwa imepita alama ya juu. Akaisugua kati ya vidole, akanusa. Ilinuka mazuti.

"Oili haizaagi," alimwambia Daphrose. "Ikizidi, kuna kitu kimeingia. Iyi gari inajaribu kuchoma masizi kila siku, halafu mutu anaizima katikati. Mazuti ya kuchomea inashuka kwa oili. We unatembea nayo namna gani?"

"Muzuri tu, fundi. Kama watu wote."

Hakuwa anadanganya. Yahaya anasema wateja wake wengi hawadanganyi, wamezoea tu mpaka hawajioni. Ndiyo maana haridhiki na maelezo ya mdomo. Huomba kupanda gari la mteja kwenye njia yake ya kila siku, akae kimya, atazame mikono na miguu. Wenzake wa Buyenzi humtania kwamba anatafuta lifti ya bure.

Yahaya ana miaka arobaini na minane. Alizaliwa mtaa huohuo, na ufundi alirithishwa na baba yake, aliyetengeneza malori ambayo hayakuwa na hata waya mmoja wa kompyuta. Mashine ya kupimia aliinunua mkono wa pili kutoka kwa Mkongomani wa Uvira. Siku njema hupata magari mawili. Kuna wiki nyingine nzima hapati hata moja, kwa sababu gari lisilo na mafuta haliharibiki.

Na hata hayo machache, mengi humponyoka. Hatua chache kutoka kwake yupo Rachid, mchomeleaji, rafiki yake tangu utotoni. Rachid hukata chujio, huliondoa tumbo lote na kuliziba tena, kisha kijana mwenye kompyuta hufuta taa. Inachukua saa moja. Gari huondoka na nguvu zake zote, na moshi mweusi nyuma.

Moshi huo ndio ugomvi wa Yahaya. Magari yaliyokatwa chujio hujaribiwa papo hapo barabarani, injini ikivumishwa mpaka mwisho; nyumba yake imeshikana na gereji, na dirisha la chumba cha binti yake Hayat linatazama huko. Hayat ana pumu.

"Naogopa," Yahaya anasema, na hacheki tena. "Wallahi naogopa. Akianza kukohoa usiku, mi nashika ukuta tu. Niko fundi, najua sauti ya kila kitu kinachoziba, lakini kifua cha mutoto siwezi kukifungua."

Basi asubuhi ile, baada ya kushuka Musaga, wawili hao walifika gereji na Yahaya akaeleza dawa yake. Kwanza oili ibadilishwe. Kisha gari liende kwenye barabara ya Rumonge, kandokando ya ziwa, palipo tambarare, likimbizwe bila kusimama, mashine ikiliamuru lichome masizi yote. Na kwa jinsi lilivyojaa, huenda wakalazimika kwenda na kurudi zaidi ya mara moja.

Daphrose aliuliza swali ambalo kila mwenye gari mjini angeuliza. "Na mazuti?"

Alikuwa na bidoni moja ya lita kumi stoo, nyuma ya nyumba. Aliikusanya kidogo kidogo kwa miezi, ili shule itakapofunga aende Rumonge kumchukua Carmen bwenini, na godoro lake na sanduku lake. Binti alishawaambia wenzake wote kwamba mwaka huu mama anakuja na gari.

"Si tungoje basi?" alisema. "Mwezi ujao nikienda kumuchukua, masizi iungue njiani."

"Apana, Mama Carmen. Kwa huo mwezi hautapanda Musaga. Na ikijaa zaidi, hata kuchoma itakataa." Yahaya alifuta mikono. "Rachid iko pale. Anakata saa moja, na bidoni yako inabaki. Mi simuzuii mutu."

Daphrose alikaa kwenye benchi, mkoba mapajani. Kwa Rachid gari jingine lilivumishwa, moshi ukasambaa barabarani. Ndani ya nyumba ya Yahaya mtoto akaanza kukohoa, kikohozi kikavu chenye mluzi. Yahaya aliingia ndani mbio. Aliporudi, Daphrose alikuwa amesimama.

"Huyo ni wako?"

"Ni Hayat."

"Anatumia pompu?"

"Ikipatikana."

Daphrose anauza pompu hizo za kuvuta dawa ya pumu. Alijua, bila kuuliza mtu, ni tangu lini zimeadimika dukani kwake, na ni wazazi wangapi amewarudisha mikono mitupu. Alisema tu, "Badilisha oili, fundi. Bidoni nitaileta."

Safari yenyewe ilifanyika alasiri. Milima kushoto, ziwa kulia, na Yahaya na mashine mapajani, akisema maneno yaleyale: "Usitoe mguu. Usitoe mguu." Harufu ya moto ilipopanda kutoka chini, Daphrose alipiga kelele kwamba wanaungua. "Ni masizi," Yahaya akamjibu. "Ndio tunayotaka. Kanyaga!"

Walikwenda, wakageuza, wakaenda tena. Karibu na Magara, taa ya njano ilizimika. Gari likapata nguvu ghafla hata Daphrose akashtuka, kisha akapiga usukani kwa furaha.

"Imeungua yote?"

"Imeungua yote, alhamdulillah."

Alitazama mshale wa mafuta. Kicheko kilimwishia taratibu. "Na safari ya Carmen nayo imeungua," alisema.

Yahaya aliichomoa mashine na kuirudisha kwenye mfuko wake wa plastiki. Walirudi mjini. Pale Buyenzi, akishuka, fundi alimwomba jambo moja tu: kwenye mteremko wa Musaga asizime tena. Daphrose aliahidi. Kuhusu Carmen, alisema atapanda basi kumfuata, godoro juu ya paa. "Atanuna mupaka Bujumbura. Lakini atafika."

Hadithi ingeweza kuishia hapo, na ingekuwa tamu. Lakini kesho yake asubuhi alifika Maxime, baba wa watoto wanne anayepeleka mikate madukani kutoka Kamenge. Taa ileile, ugonjwa uleule. Yahaya alipomwuliza kuhusu mafuta, Maxime alifungua mikono yote miwili. Ndani ya tangi yalibaki ya kumrudisha nyumbani. Asipopeleka mikate siku mbili, kazi itapewa mwingine.

Yahaya alifunga boneti. Kisha akamchukua mwenyewe mpaka kwa Rachid.

Akarudi nyumbani na kulifunga dirisha la Hayat, kabla grinda ya kukatia chuma haijaanza kulia.

"Mama Carmen alikuwa na bidoni," alisema alipotoka. Sauti ilikuwa ya mtu aliyechoka. "Asiye na kitu, nitamuambia nini? Achome mazuti asiyokuwa nayo? Iyo si ufundi, iyo ni kumucheka mutu."

Ndiyo maana siku hizi anazungumzia tanuri. Si la mikate. Ni tanuri la umeme ambalo karakana moja ya vyungu huko Gitega inataka kuliuza, linalopanda joto polepole mpaka masizi ndani ya chujio lililofunguliwa garini yawe jivu, bila tone la mazuti. Ameshaenda kuliona. Anajua umeme nao hukatika, na akiba yake haijafika nusu. Ameanza kuuza vifaa vyake vya malori, vile alivyoachiwa na baba yake.

Aliyejitolea kumuundia fremu ya chuma na mlango mpya ni Rachid. Tulimwuliza kama haoni kwamba anajenga kitu kitakachomnyima kazi.

"Naona," alijibu, huku akivua miwani ya kuchomelea. "Watoto wangu wanakula iyi grinda. Lakini Hayat nimemubeba mukononi akiwa na siku saba. Tanuri ikifika, mi nitaleta wateja wangu mwenyewe. We unafikiri mi sisikii akikohoa?"

Pembeni mwa gereji, Yahaya ameondoa rundo la matairi, amesawazisha ardhi na kumwaga saruji. Hayat humwuliza kila akitoka shule kama tanuri limekuja.

"Namuambia bado," anasema. "Halafu namuonyesha mahali itakaa. Anasimama pale juu ya saruji, anavuta pumzi, ananiambia, 'Baba, harakisha.'"